Soma hati ya mashtaka kabla ya kuuliza nani kaileta

Ndugu mwenyekiti, walimu, wanafunzi, na ninyi mlioingia humu ndani tayari mna upande wenu: ahsanteni kwa kuja. Mada yetu ni kesi za jinai za wanasiasa wakubwa, na namna ya kupima kama ni za haki.

Naanza na hesabu ya darasa la tano. Siku chache kabla ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2016, Michael Cohen, wakili wa Donald Trump, alimlipa Stormy Daniels, mwigizaji wa filamu za ngono, dola 130,000 ili asitoboe habari kwamba aliwahi kulala na Trump. Trump anakana kwamba jambo hilo lilitokea. Mwaka 2017, Trump akiwa Ikulu, Cohen akarudishiwa fedha zake, ila hakurudishiwa 130,000. Walichukua hizo 130,000, wakaongeza 50,000 alizodai kwa kazi nyingine, ikawa 180,000. Wakazidisha mara mbili, kwa kuwa fedha zingeonekana kama kipato chake na kodi ingezila, ikawa 360,000. Juu yake wakaweka bonasi ya 60,000. Jumla dola 420,000, zilipwe 35,000 kila mwezi kwa miezi 12.

Cohen alikuwa analeta ankara, mhasibu anaandika kwenye daftari kuwa ni gharama za kisheria, hundi inatoka. Januari na Februari zililipwa kwa mpigo mmoja, ankara moja na hundi moja ya 70,000, lakini kwenye daftari ziliandikwa mara mbili. Kwa hiyo ankara zilikuwa 11, maandishi ya daftari 12, hundi 11, na hundi 9 kati ya hizo zina saini ya Trump mwenyewe. Jumlisheni: 34. Hayo ndiyo mashtaka 34 ambayo juri la raia 12 wa Manhattan lilimtia nayo hatiani tarehe 30 Mei 2024, yote, bila hata mmoja wao kupinga.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu watu wanaweza kubishana kutwa nzima kama kesi ile ilikuwa ya haki, na asiwepo hata mmoja anayejua 34 imetokea wapi. Mmoja anasema, "Raia 12 wamesema ana hatia, mnataka nini tena?" Mwingine anajibu, "Mwendesha mashtaka ni wa chama pinzani, kesi imefunguliwa akiwa anagombea tena." Maneno yote mawili ni kweli. Alvin Bragg, mwendesha mashtaka wa Manhattan, alichaguliwa mwaka 2021 kwa tiketi ya chama cha Democratic, kwa maana Marekani mwendesha mashtaka wa wilaya hupigiwa kura kama diwani. Na juri lilisema lilichosema. Lakini hoja hizo hazikutani popote. Moja inazungumzia mlango wa kuingilia, nyingine mlango wa kutokea. Ubishi wenye maana uko katikati, ndani ya hati ya mashtaka yenyewe.

Tuingie humo. Kughushi kumbukumbu za biashara katika jimbo la New York, peke yake, ni kosa dogo. Linapanda kuwa jinai nzito, yenye kifungo kisichozidi miaka minne kwa kila shtaka, pale tu mtu alipoghushi kwa nia ya kutenda au kuficha kosa lingine. Kosa hilo lingine ni lipi? Waendesha mashtaka walitaja sheria ya uchaguzi ya jimbo, inayokataza watu kula njama ya kumpandisha mgombea kwa njia haramu. Njia haramu ipi? Hapo wakataja tatu: kuvunja ukomo wa michango ya kampeni wa sheria ya shirikisho, kughushi nyaraka nyingine, na udanganyifu wa kodi. Jaji Juan Merchan aliwaelekeza wajumbe wa juri kwamba lazima wote wakubaliane kulikuwa na njia haramu, lakini si lazima wakubaliane ilikuwa ipi kati ya hizo tatu.

Mmeiona ngazi? Kosa dogo limesimama juu ya kosa la uchaguzi, nalo limesimama juu ya moja kati ya mambo matatu. Mtu akisema mashtaka haya yalijengwa kwa kuunganisha vipande, hasemi uzushi. Ongezeni suala la muda. Kosa dogo lina ukomo wa miaka miwili ya kufungua kesi, jinai nzito mitano. Hundi ya mwisho ilikuwa Desemba 2017, mashtaka yalipitishwa Machi 2023. Hiyo ni miaka mitano na miezi mitatu. Kesi iliokolewa na sheria inayosimamisha saa wakati mshtakiwa anaishi nje ya jimbo, pamoja na amri zilizotolewa wakati wa Korona. Bila ile ngazi, kesi ilikuwa imekufa zamani.

Upande wa pili nao una uzito wake. Kughushi vitabu vya biashara ni kosa ambalo ofisi ile hulishtaki mara kwa mara, kwa wafanyabiashara ambao hakuna anayewajua. Cohen, aliyetoa fedha, alikiri makosa mwaka 2018 na akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Ni vigumu kumweleza mtu mwenye akili timamu kwamba aliyetumwa afungwe na anayedaiwa kumtuma asiulizwe. Lakini pia waendesha mashtaka wa shirikisho mjini New York, ndio hao waliomfunga Cohen, hawakumshtaki Trump hata alipotoka madarakani mara ya kwanza. Na kesi iliyofanana zaidi na hii, ya John Edwards, aliyekuwa mgombea wa chama cha Democratic, ilikwama mwaka 2012: fedha za wafadhili zilitumika kumficha mpenzi wake, juri likamwachia kwa shtaka moja, likashindwa kukubaliana kwa mengine matano, serikali ikaachana nayo.

Sasa ukinibana niseme: ushahidi wa hesabu ulikuwa mzito, na msingi wa kisheria ulikuwa mwembamba kuliko ambavyo mtu angependa kwa kesi ya kwanza kabisa ya jinai dhidi ya rais mstaafu wa nchi ile. Yote mawili kwa pamoja. Rufaa ipo, na huko ndiko ngazi ile inapopimwa. Ukishika moja ukaacha lingine, hapo umeshavaa fulana ya chama.

Wengi hukimbilia nia. "Wanamshtaki kwa sababu wanamwogopa." Nia ni swali tamu, na Afrika Kusini wamelilipia gharama kubwa kuliko nchi yoyote ninayoijua.

Jacob Zuma alirudishiwa mashtaka ya rushwa ya mkataba wa silaha tarehe 28 Desemba 2007, siku chache baada ya kumshinda Rais Thabo Mbeki kwenye mkutano mkuu wa chama tawala, ANC, kule Polokwane na kuwa kiongozi mkuu wa chama hicho. Mashtaka yalihusu malipo 783 kutoka kwa mshauri wake wa fedha, Schabir Shaik, ambaye mwaka 2005 alishafungwa miaka 15. Septemba 2008 Jaji Chris Nicholson, Pietermaritzburg, akayatupa. Alichoombwa kuamua kilikuwa kidogo tu: je, Zuma alipaswa kusikilizwa kabla ya uamuzi wa kumshtaki? Akajibu ndiyo, ila hakuishia hapo. Akaandika kwamba kuna dalili za mkono wa wanasiasa nyuma ya mashtaka. Hukumu ilitoka tarehe 12. Tarehe 20 ANC ikamtaka Mbeki aondoke, na siku iliyofuata akatangaza kujiuzulu urais kwenye televisheni. Siku tisa.

Januari 2009 majaji wa rufaa, hukumu ikiandikwa na Louis Harms, wakaifuta hukumu ya Nicholson. Walisema jaji alitoka nje ya uwanja na kuamua mambo ambayo hakuletewa. Kisha wakaweka kanuni ambayo naomba muikariri: mashtaka hayawi haramu kwa sababu tu aliyeyaleta ana nia mbaya, yanakuwa haramu pale ambapo, pamoja na nia hiyo mbaya, hakuna sababu ya msingi ya kushtaki. Jirani anayekuchukia akienda polisi kusema umemwibia mbuzi, na mbuzi akakutwa zizini kwako, chuki yake haimgeuzi mbuzi kuwa wako. Lakini Mbeki alishaondoka. Hukumu ya rufaa haimrudishi rais.

Haikuishia hapo. Aprili 6, 2009, wiki mbili kabla ya uchaguzi, kaimu mkuu wa mashtaka Mokotedi Mpshe aliondoa kesi yote. Sababu yake: kanda za simu zilizoonyesha mkuu wa kikosi cha uchunguzi akijadili na bosi wa zamani wa mashtaka kama Zuma ashtakiwe kabla au baada ya Polokwane. Mpshe mwenyewe alisema kesi ilikuwa na nguvu. Kilichomsumbua ni kalenda. Zuma akawa rais mwezi uliofuata. Chama cha upinzani kikaenda mahakamani kudai kanda zile na kupinga uamuzi wa Mpshe, na ikachukua mpaka 2016 mahakama kusema uamuzi ule haukuwa na mantiki, mpaka Oktoba 2017 majaji wa rufaa kukubali, mpaka Machi 2018 mashtaka kurudi. Hapo Zuma alikuwa amekaa Ikulu karibu miaka tisa na ametoka.

Kanda zile ni fundisho la ufundi kwa mwendesha mashtaka yeyote. Faili lilikuwa zima, ushahidi ulikuwepo, na watu wawili wakalichafua kwa mazungumzo ya simu kuhusu tarehe. Anayeshughulika na mwanasiasa anatakiwa aandike sababu ya kila tarehe: kwa nini leo, kwa nini si mwezi jana. Asipoandika, wengine watamwandikia.

Sasa jaji. Watu hutafuta kadi ya chama ya jaji kama wanaotafuta chawa. Merchan alikutwa na mchango wa dola 35 kwa upande wa Democratic mwaka 2020, 15 kati yake kwa kampeni ya Biden. Alipewa onyo na tume ya maadili ya majaji. Ni kosa, hakupaswa. Lakini ukiwa na dakika kumi tu za kuchunguza upendeleo, usizimalizie kwenye dola 35. Nendeni Brazil.

Luiz Inácio Lula da Silva, aliyekuwa rais wa nchi hiyo, alihukumiwa Julai 2017 kwa rushwa na Jaji Sergio Moro wa Curitiba, miaka tisa na nusu. Majaji wa rufaa wakapandisha mpaka miaka 12 na mwezi mmoja. Aliingia ndani Aprili 2018, akazuiwa kugombea urais mwaka huo chini ya sheria ya wagombea safi, ambayo, kwa kejeli ya dunia hii, ilitiwa saini mwaka 2010 na Lula mwenyewe. Jair Bolsonaro akashinda. Januari 2019 Moro akawa waziri wa sheria wa Bolsonaro. Baadaye zikavuja jumbe za simu zilizoonyesha jaji akiwaelekeza waendesha mashtaka namna ya kupanga kesi. Lula alikaa siku 580. Machi 2021 Mahakama ya Juu ya nchi ilisema kwanza kwamba Curitiba haikuwa na mamlaka juu ya kesi zile, na wiki mbili baadaye kwamba Moro alikuwa na upendeleo. Upendeleo wa kweli una sura hiyo: jaji anaongea na upande mmoja nje ya mahakama, na anavuna cheo kutokana na matokeo.

Hapo wafuasi wa Lula husema mahakama imemsafisha. Hapana, haikusema ana hatia wala hana. Ilisema kesi haikusikilizwa na mtu sahihi. Kosa hilohilo hufanyika kwa upande wa pili pia. Frederick Chiluba, rais wa zamani wa Zambia, aliyeondolewa kinga na Bunge mwaka 2002, mwaka 2007 aliamriwa na mahakama ya London, katika kesi ya madai, kurudisha mamilioni ya dola. Mwaka 2009 hakimu wa Lusaka akamwachia huru katika kesi ya jinai, kwa kuwa upande wa mashtaka haukuweza kuonyesha kwamba fedha zilizotajwa zilikuwa za serikali. Katika kesi ya madai mtu hushinda au hushindwa kwa mizani kuinama kidogo. Ya jinai inadai kusiwe na shaka ya maana. Hukumu mbili, vipimo viwili, wala hazigombani. Kilichogombanisha watu kwa haki ni serikali kuikataa rufaa baada ya hapo, wakati Chiluba alikuwa amemuunga mkono rais aliyekuwepo.

Hilo linatuleta kwenye swali ambalo kwangu mimi ni la kwanza, ingawa halipigiwi kelele: nani ana uwezo wa kuizima kesi, na anamweleza nani? Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 157, inamkataza mkurugenzi wa mashtaka kuondoa kesi bila idhini ya mahakama, na inampa kipindi kimoja cha miaka minane kisichorudiwa. Sisemi huko mambo yamenyooka. Nasema ufunguo haupo mfukoni mwa mtu mmoja. Mahali ambapo mkurugenzi anaandika karatasi moja, kesi imekwisha na hakuna wa kumuuliza sababu, mshtakiwa aliyeonewa na aliyebebwa wanatoka kwa mlango uleule, na huwezi kuwatofautisha.

Kinga nayo tuiseme upesi. Tanzania, ibara ya 46 ya Katiba inazuia kumshtaki rais mstaafu kwa jambo alilolifanya akiwa rais kwa nafasi hiyo, isipokuwa aliyeondolewa na Bunge. Kenya, ibara ya 143, kinga ni ya wakati wa madaraka, saa ya ukomo inasimama ili aweze kushtakiwa akitoka. Marekani haikuwa na kifungu; Julai 1, 2024 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 dhidi ya 3, ikaweka ngazi tatu: mamlaka ya msingi ya rais yana kinga kamili, vitendo vingine vya kikazi vinadhaniwa kuwa na kinga, vya binafsi havina. Ugomvi wote sasa ni wa kuchambua: hundi iliyotiwa saini ndani ya Ikulu kwa ajili ya siri ya chumbani ni kazi au ni binafsi? Na ushahidi wa msaidizi wa Ikulu aliyesikia mazungumzo, utumike au usitumike?

Kuna kesi ambazo hata huhitaji kujadili nia. Joseph Kabila, rais wa zamani wa Kongo, alianza kusikilizwa na mahakama ya kijeshi Kinshasa tarehe 25 Julai 2025, na tarehe 30 Septemba akahukumiwa kifo kwa uhaini na makosa ya kivita. Hakuwepo, na hakuwa na wakili mahakamani. Sijui mtu anawezaje kupima uzito wa ushahidi ambao haukuulizwa swali hata moja na upande wa utetezi. Inawezekana kila neno lilikuwa kweli. Mwenendo wa kesi haukutupa njia ya kujua.

Wanaoshangilia mashtaka ya mpinzani wao, nina jambo lenu. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Septemba na Oktoba 2025, Trump akiwa amerudi Ikulu na ametaja hadharani watu anaotaka washtakiwe, wizara ya sheria ilimshtaki James Comey, aliyekuwa mkuu wa shirika la upelelezi la FBI, kisha Letitia James, mwanasheria mkuu wa New York aliyemfungulia Trump kesi ya madai. Mwendesha mashtaka wa awali alikuwa ameondoka, akawekwa Lindsey Halligan, ambaye hakuwahi kuendesha kesi ya jinai. Novemba 24 jaji alizitupa kesi zote mbili kwa sababu uteuzi wake haukufuata sheria. Wale waliosema mwaka 2023 kwamba nia haina maana wakaigundua ghafla, na waliosema nia ndiyo kila kitu wakawa wanasoma vifungu vya sheria. Ukiitazama kwa kanuni ya Harms, maswali yanabaki yaleyale: sababu ya msingi ipo? Aliyeleta ana mamlaka? Wengine waliofanya hivyohivyo walifanywaje? Na msisahau, mwezi huohuo kesi ya Trump ya Georgia, ya kutaka kupindua matokeo ya uchaguzi wa 2020, nayo ilifutwa, baada ya mwendesha mashtaka Fani Willis kuondolewa kwa sababu ya uhusiano wake wa kimapenzi na wakili aliyemwajiri kwenye kesi. Washtakiwa 19, miaka zaidi ya miwili, na kilichoiangusha kikaanzia ofisini kwake.

Kuhusu adhabu ya New York, maana najua nitaulizwa: Januari 10, 2025, siku kumi kabla ya kuapishwa, Merchan alimwachia Trump bila masharti. Hakuna jela, faini wala uangalizi. Hatia imebaki kwenye kumbukumbu. Wengine waliita huruma, wengine wakasema ni ushahidi kwamba kesi haikuwa na maana. Jaji alieleza kwamba ofisi anayoiendea ndiyo iliyomkinga, na kwamba raia wa kawaida asingeipata kinga hiyo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nakala za ibara za 46, 143 na 157 ziko kwenye meza iliyo karibu na mlango, ukurasa mmoja mmoja, pamoja na ile hesabu ya 420,000 kwa wasiopenda kuniamini. Tuanze na maswali ya waliokaa nyuma.